Wawindaji na wakulima wa kwanza: maswali yanayorudi kila mara kuhusu nani aliishi vizuri

Nimekulia Mkalama, Singida, kwenye ukoo wa wakulima wa mtama na uwele, na kaskazini yetu ndo kuna bonde la Ziwa Eyasi wanakoishi Wahadzabe, watu wa kuwinda na kukusanya. Kwahiyo watu wakianza kubishana mwindaji na mkulima wa zamani nani alikuwa na maisha mazuri, mimi naona wanazungumzia bibi yangu na majirani zake, sio watu wa kwenye vitabu. Nimeyakusanya hapa maswali ninayoulizwa mara nyingi, na majibu ni kwa kadri ninavyoyajua baada ya miaka ya kusoma na kusikiliza.

Kwanza tuelewane, mwindaji ni nani na mkulima wa kwanza ni nani?

Mwindaji, au mwindaji na mkusanyaji ukitaka kulisema lote, ni mtu anayekula asichopanda wala kufuga: nyama ya porini, mizizi, matunda, asali, samaki. Binadamu kama sisi tupo duniani miaka kama 300,000 hivi na karibu yote tumeishi hivo, kila mtu, babu wa Mzungu na wa Mchina na wako wewe. Mkulima wa kwanza ni yule aliyeanza kupanda mbegu na kuchagua ipi irudi ardhini msimu unaofuata. Huyo amekuja juzi tu, miaka kama 11,000 iliyopita kwenye zile sehemu za mwanzo kabisa.

Kilimo kilianza wapi?

Sio sehemu moja. Mashariki ya Kati, kwenye Syria, Uturuki, Jordan, Palestina na Iraki ya leo, walianza na ngano, shayiri, dengu. China mpunga na mawele yao. Mexico waliyapata mahindi kutoka kwenye nyasi moja ya porini, hiyo ni kama miaka 9,000 iliyopita. Papua wana yao, milima ya Andes wana yao, na Sudan ndo kwenye mtama, miaka kama 5,000 iliyopita mashariki mwa Sudan watu walikuwa tayari wanaubadilisha mtama wa porini kuwa wa shambani. Ulezi nao ni wa ukanda huu wetu, Ethiopia mpaka Uganda. Hawa wote hawakuambiana, kila mmoja alifika kivyake.

Kuna mtu alikaa akagundua kwamba mbegu ikifukiwa inaota?

Hapana, na hili naomba watu waliache kabisa. Mtu anayeishi kwa mimea anajua mbegu inaota, anajua kuliko mimi na wewe. Pale Jordan, sehemu inaitwa Shubayqa, wamekuta makombo ya mkate yaliyoungua jikoni, yana miaka 14,400 hivi. Mkate huo uliokwa na wawindaji, waliokota ngano pori wakaisaga wakachanganya na mizizi ya majini, miaka elfu kadhaa kabla ya shamba lolote kuwepo. Yaani mawe ya kusagia yalitangulia jembe.

Na mmea wenyewe ulichukua muda mrefu kubadilika. Waliowahi kulima ufuta watanielewa haraka, ukichelewa kuvuna unapasuka unamwagika wote chini. Ngano pori ndo iko hivo, suke likikomaa linapukutika lenyewe, na kwa mmea hiyo ni faida, mbegu zinasambaa. Ila kuna mche mmoja mmoja wenye kasoro, suke lake halipukutiki. Sasa mtu akija kuvuna anapata zaidi zile zisizopukutika maana ndo zimebaki juu, anabeba nyumbani, na akizirudisha ardhini anapanda kasoro bila kujua. Miaka elfu mbili na zaidi ya hivo ndo ikaleta ngano isiyoweza kujipanda yenyewe, lazima binadamu aipande. Wanaakiolojia wanaiona kwenye punje zilizoungua, pale punje ilipokatika kwenye suke kama pamekatika laini au pamechanika.

Kwanini walianza basi, kama walikuwa wanaishi vizuri?

Swali hili halina jibu moja, na anayekwambia analo jibu moja anakudanganya. Hali ya hewa ni sehemu yake, kuna kipindi cha baridi na ukavu kilichoisha miaka kama 11,700 iliyopita, baada ya hapo dunia ikawa na joto la kutulia, misimu ikawa inaaminika, na kilimo bila msimu wa kuaminika hakiwezekani. Sehemu nyingine ni kwamba baadhi ya wawindaji walikuwa wameshatulia sehemu moja kabla ya kulima, penye chakula kingi cha porini, wakajenga vijiji, wakazaliana, halafu chakula cha porini kikaanza kuwa kidogo kwa idadi yao. Ninavyoona mimi hakuna siku mtu aliamua "kuanzia leo nalima". Mama mmoja alitupia mbegu kidogo pembeni ya mto, mwaka mwingine akatupia zaidi, mjukuu wake akakuta watoto wameshakuwa wengi kiasi kwamba bila kile kishamba hawali, na hapo mlango wa kurudi ukawa umefungwa.

Nani alikuwa anafanya kazi nyingi?

Mkulima. Hapa ushahidi unaelekea upande mmoja, ingawa sio kwa kiasi kile kinachosemwa mtandaoni.

Miaka ya 1960 mtafiti Richard Lee alikaa na Waju/'hoansi, wawindaji wa jangwa la Kalahari, kule Dobe, Botswana, akahesabu kwamba mtu mzima alikuwa anatoka kutafuta chakula siku mbili na nusu hivi kwa wiki. Hiyo namba ikazunguka dunia nzima, watu wakaona kumbe wawindaji walikuwa wanapumzika tu. Ila hakuhesabu kupasua karanga za porini, kupika, kuchota maji, kutengeneza mishale, ukiweka hayo yote inafika masaa 40 na kidogo kwa wiki. Lakini na wewe mwenye ajira ukirudi nyumbani bado unapika na kufua, kwahiyo ukilinganisha kwa haki bado wao wanapumzika zaidi.

Kuna utafiti mzuri zaidi wa 2019 kwa Waagta wa Ufilipino, kabila moja, kambi tofauti, wengine bado wanawinda na kuvua na wengine wameingia kwenye kilimo cha mpunga. Waliolima walifanya kazi kama masaa 30 kwa wiki, waliobaki na uwindaji kama 20. Na waliopoteza mapumziko zaidi ni wanawake.

Kwa Wahadzabe, mwanaume anatembea kama kilomita 11 kwa siku, mwanamke karibu 6. Na bado walipopima nguvu mwili unayotumia (matokeo yalitoka 2012) wakakuta Mhadzabe anatumia kalori karibu sawa na mfanyakazi wa ofisini Marekani mwenye mwili wa ukubwa ule ule. Hiyo ilishangaza wengi, mwili unajua kubana matumizi.

Halafu kuna kazi isiyohesabika. Mtama ukianza kukomaa kwelea kwelea wanakuja kama wingu, kwahiyo sisi watoto tulikuwa tunaamshwa kabla jua halijatoka kwenda kuwinga ndege, unashinda juu ya kichanja na kombeo, unapiga kelele mpaka sauti inakauka, na siku ukilala kidogo tu kipande kizima kimebaki masuke matupu. Wiki tatu nne za hivo. Mwindaji hana shamba la kulilinda.

Na kula je, nani alikula vizuri?

Mwindaji alikula vitu vingi tofauti, mkulima alikula kingi cha kitu kimoja, na kwenye hiyo tofauti ndo kuna mambo yote.

Mhadzabe kwa mwaka anakula nyama, mizizi ya aina kadhaa, matunda madogo ya porini, ubuyu, na asali, tena asali sio ya kuonja, inakaribia sehemu moja ya sita ya kalori zake zote. Kitu kimoja kikikosekana kuna kingine. Mkulima wa kwanza alikuwa na nafaka asubuhi nafaka jioni, na mvua ikigoma ndo basi. Watu wanadhani mwindaji ndo anaishi kwa njaa njaa, ila Singida ukisema "mwezi wa pili" mtu mzima anakuelewa, ghala limebaki vumbi na mazao mapya bado mabichi. Bibi alikuwa anasimulia kwamba njaa ikiwa kali kweli watu wetu, Wanyisanzu, walikuwa wanaingia porini kwa Wahadzabe wakakaa nao mpaka mvua inyeshe. Yaani mwenye jembe ndo alikimbilia kwa asiye na jembe, na hilo hata watafiti wameliandika.

Sio kila mwindaji alikula kiafya lakini. Kule Morocco, pango la Taforalt, wamefukua wawindaji wa miaka kama 15,000 iliyopita na zaidi ya nusu ya meno yao yameoza, sababu walikula sana karanga za mwaloni zenye wanga. Kwahiyo wanga ni wanga, uuokote au uulime.

Mifupa inasemaje?

Hapa naomba nikae kidogo maana ndo palinifanya nianze kufuatilia haya mambo.

Abu Hureyra ni kijiji cha zamani pembeni ya mto Frati kule Syria, walikaa wawindaji, baadaye kikawa cha wakulima. Mtaalamu wa mifupa Theya Molleson aliikagua mifupa ya watu wale wakulima akaona kitu kinachojirudia, hasa kwa wanawake. Vidole gumba vya miguu vimeharibika kwenye maungio, magoti yana alama, uti wa mgongo sehemu ya chini umesagika. Akajiuliza ni kazi gani inafanya hivi. Jibu ni jiwe la kusagia: unapiga magoti, vidole vya miguu umevikunja chini yako vinakusukuma kwa mbele, mikono miwili inasukuma jiwe dogo juu ya jiwe kubwa, unajirusha mbele unarudi, masaa kila siku, maisha yote.

Niliposoma hivo nilimuona bibi yangu mzaa baba. Jiwe lake lilikuwa pembeni ya mlango wa jiko, limechimbika katikati kama bakuli, na alikuwa anapiga magoti vile vile, vidole vimekunjwa vile vile, kitambaa amekikunja chini ya magoti, kibuyu cha maji pembeni ananyunyiza unga kidogo kidogo usiruke. Uzeeni hakuweza kunyanyuka bila kushika kizingiti cha mlango na vidole gumba vyake vilikuwa vimevimba vikubwa, sisi tulidhani ni uzee tu. Miaka karibu elfu kumi katikati yao na mama yule wa Syria, kazi ni ile ile na maumivu ni yale yale.

Kwingine pia. Bonde la mto Illinois, Marekani, sehemu inaitwa Dickson Mounds, walifukua makaburi ya watu wa kabla na baada ya kutegemea mahindi, miaka kama 800 na kidogo iliyopita. Waliokula mahindi walikuwa na mistari ya utapiamlo kwenye meno kwa kiasi kikubwa zaidi, na dalili za kupungukiwa damu zikapanda karibu mara nne. Na sehemu nyingi za dunia kilimo kilipoingia watu wakapungua urefu.

Kuna hoja ya upande wa pili na ina uzito, toka 1992 wataalamu wanaikumbusha: mfupa wenye alama ya ugonjwa ni wa mtu aliyeishi na ugonjwa muda mrefu. Aliyekufa ndani ya wiki haachi alama yoyote kwenye mfupa. Kwahiyo mifupa misafi sio lazima iwe ya watu wenye afya. Ila ukiweka ushahidi wote pamoja, meno, urefu, magoti, sioni namna ya kusema mkulima wa kwanza alikuwa na mwili wenye raha kuliko mwindaji.

Magonjwa yalitoka kwenye mifugo?

Baadhi. Surua inatoka kwenye ukoo mmoja na sotoka ya ng'ombe. Na hata bila mifugo, kukaa sehemu moja peke yake ni ugonjwa: kinyesi kinakaribia kisima, panya wanafuata ghala, minyoo inapata makazi ya kudumu. Kambi ya Wahadzabe ni watu 20 au 30, wakichafua wanahama, vijumba vya nyasi mama anavijenga ndani ya masaa mawili matatu, hakuna cha kukusikitisha kukiacha.

Lakini si walikuwa wanakufa na miaka 30?

Hii ndo namba inayopotosha kuliko zote. Wastani wa umri wa kuishi kwa Wahadzabe kwa takwimu za Nicholas Blurton Jones na wenzake ni kama miaka 33, ni kweli. Ila wastani huo unashushwa na watoto. Mmoja kati ya watano alikufa kabla ya mwaka mmoja, na karibu nusu hawakufika miaka 15. Ukishavuka hapo habari inabadilika, aliyefika 45 anategemea kuishi miaka 20 mingine, wazee wa 70 wapo na wanachimba mizizi.

Mtu anayesema maisha ya uwindaji yalikuwa pepo namuomba aisome tena hiyo namba, nusu ya watoto. Mama mwenye kuzaa sita anazika watatu. Na ukweli ni kwamba mkulima wa kwanza naye alizika hivo hivo au zaidi, kilichopunguza vifo vya watoto ni maji safi, chanjo na dawa, na hayo yamekuja karne hizi mbili tu.

Sasa kama kilimo kilikuwa kigumu hivo mbona kilishinda?

Uji.

Naongea kweli kabisa. Mama wa Kihadzabe au wa Kiju/'hoansi anatembea na mtoto mgongoni, ananyonyesha muda mrefu, na kunyonyesha mara kwa mara kunachelewesha mimba nyingine. Kwa Waju/'hoansi mtoto na mdogo wake walipishana karibu miaka minne. Ukianza kulima una nafaka, ukisaga una uji laini, mtoto anaanza kushibishwa mapema, anaachishwa ziwa mapema, na mama haendi tena kilomita sita na mzigo mgongoni, mimba inarudi mwaka unaofuata. Wanaakiolojia wakihesabu makaburi ya vijiji vya mwanzo vya kilimo wanaona vijana na watoto wameongezeka ghafla, uzazi ulipanda.

Kwahiyo mkulima aliumwa zaidi, alifanya kazi zaidi, alikuwa mfupi zaidi, lakini alizaa watoto wengi zaidi kuliko mwindaji. Vizazi kumi baadaye bonde lote lenye maji ni la wakulima na wawindaji wamesukumwa kwenye mawe na ukame. Mtu mmoja mmoja hakufaidika, idadi ndo ilifaidika.

Ni kweli wanaume ndo walikuwa wanalisha familia kwa uwindaji?

Sio peke yao. Mwanaume wa Kihadzabe akienda kutafuta mnyama mkubwa siku nyingi anarudi mikono mitupu, watafiti walihesabu kwamba mafanikio yalikuwa chini ya siku 4 katika kila 100. Akipata, nyama ni ya kambi nzima na mkosi wa siku ya pili unarudi pale pale. Kinachoweka chakula cha uhakika ni wanawake na kijiti chao kilichochongwa ncha. Wanakaa chini kwenye jua, wanagonga ardhi wakisikiliza sauti, wanachimba kati ya mawe mpaka mkono wote unaingia, wanautoa mzizi, wanauchoma kidogo, unatafuna unanyonya utamu, nyuzi unatema.

Kristen Hawkes na wenzake waliangalia nani anachimba zaidi wakakuta ni akina bibi, wale wa umri wa miaka 60. Binti akijifungua hawezi kuchimba vizuri, na hapo uzito wa mjukuu mkubwa unategemea bidii ya bibi yake. Kutokana na hapo wakatoa hoja kwamba binadamu wa kike anaishi miaka mingi baada ya kukoma hedhi kwa sababu mabibi waliokoa wajukuu. Mimi niliyelelewa na bibi sihitaji kushawishiwa sana.

Usawa je? Machifu na matajiri walianza na kilimo?

Karibu, ila sio kilimo chenyewe, ni ghala. James Woodburn, aliyeanza kukaa na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza vizuri: kuna watu wanaopata leo wanakula leo, na kuna watu wanaofanya kazi leo wale miezi sita baadaye. Hawa wa pili lazima wawe na mipaka, mlinzi, mrithi, deni. Wa kwanza hawana cha kurithisha. Mhadzabe hana chifu, akichoshwa na mtu anahamia kambi nyingine, na kila mwanaume ana upinde na mishale ya sumu kwahiyo ubabe una gharama.

Angalia lakini Wahindi Wekundu wa pwani ya kaskazini magharibi ya Amerika, hawakulima, ila walikausha samaki wakaweka akiba, nao wakawa na wakubwa na watumwa. Na Çatalhöyük kule Uturuki, maelfu ya watu, wakulima, nyumba zimebanana mpaka wanaingilia darini kwa ngazi, karne nyingi na nyumba karibu zote ukubwa unafanana, hakuna ikulu. Kwahiyo kilimo kinafungua mlango, kuingia ni jambo jingine.

Wawindaji hawakupigana vita?

Walipigana. Nataruk, magharibi ya Ziwa Turkana, Kenya, walikuta mabaki ya watu 27 wa miaka kama 10,000 iliyopita, baadhi vichwa vimepasuliwa, wengine wamechomwa na ncha za mawe, mmoja mwanamke mwenye mimba. Wote wawindaji na wavuvi.

Huku kwetu kilimo kilikujaje?

Huku mifugo ilitangulia shamba, na hilo ni tofauti na Mashariki ya Kati. Ng'ombe na mbuzi walifika Turkana miaka kama 5,000 na 4,000 iliyopita, wakashuka taratibu na Bonde la Ufa. Mazao yakafuata baadaye. Pango la Kakapel, magharibi mwa Kenya, wamepata kunde ya miaka kama 2,300, na mtama karibu miaka 1,000. Na chini ya ukingo wa Bonde la Ufa pale Engaruka kuna mifereji ya mawe na mashamba ya ngazi ya karne ya 15 mpaka ya 18, eneo kubwa la hekta kama 2,000, wakulima wa umwagiliaji hodari kabisa, halafu wakaondoka.

Mahindi na mihogo ni vya Amerika, vimeletwa baada ya 1500. Mtu anayesema ugali wa sembe ni chakula cha mababu namwambia mababu walikula mtama, uwele na ulezi.

Na sio kwamba mkulima alifika mwindaji akatoweka. Kule Ituri, Kongo, Wambuti wamekuwa wakipeleka nyama na asali kwa wanakijiji wanarudi na ndizi na vyuma, vizazi na vizazi. Wasandawe wa Chemba, Dodoma, waliingia kwenye kilimo na bado wana lugha yao. Waogiek wa Mau wanatundika mizinga na wengi wao sasa wanalima pia, na mwaka 2017 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikasema walikuwa na haki na msitu wao.

Wahadzabe ni mabaki ya watu wa kale? Wamebaki nyuma?

Hapana. Historia yao ni ndefu sawa na yako, wamekutana na Wadatoga, Wambulu, Wanyisanzu, wamebadilishana asali kwa ncha za chuma na sufuria, wameona kilimo na ufugaji kwa karne nyingi wakachagua wasichukue. Hata wale wanaowinda wanajua bei ya unga Mang'ola, pembeni ya Ziwa Eyasi. Hilo jina "Watindiga" ni la watu wa nje, na neno "Ndorobo" kwa Kimaasai maana yake ni mtu asiye na ng'ombe, yaani maskini. Majina haya yote ni ya mwenye ghala akimtazama asiye na ghala, tuyaache.

Si wafundishwe tu kulima?

Walishajaribiwa. Katikati ya miaka ya 1960 walikusanywa Yaeda wakapewa nyumba na mbegu, wakabanana, magonjwa yakapita kati yao, wapo waliokufa, na baada ya muda mfupi wengi wakarudi porini. Anayetaka kulima alime, na wapo wanaofanya hivo, wapo wenye watoto shule, wapo wanaofanya kazi ya ulinzi. Wanaoishi hasa kwa uwindaji leo ni mia chache tu kati ya elfu moja na kitu. Ila kumlazimisha mtu aingie kwenye maisha ambayo mifupa ya Abu Hureyra inaonyesha yalivyo, huku ukimwita mvivu, hilo siliafiki.

Kwahiyo turudi porini?

Haiwezekani, piga hesabu. Uwindaji wa kule Eyasi unabeba kama mtu mmoja kwa kila kilomita za mraba nne. Tanzania nchi kavu ni kama kilomita za mraba 885,000, gawanya kwa nne, unapata watu laki mbili na ushee. Sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 61.7.

Ardhi yao iko salama?

Afadhali kidogo kuliko zamani. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya zaidi ya hekta 20,000, ardhi ya jamii nzima, na wanalipwa pia kupitia biashara ya hewa ukaa kwa kuutunza ule msitu. Upande wa Mang'ola hali ni ngumu zaidi, chemchemi zinamwagilia vitunguu, na kiangazi ng'ombe wanashuka kwa maelfu, nyasi zikiisha swala hawana cha kula na wanahama.

Ukienda kule mwambie mwenyeji wako akuonyeshe mbuyu wenye vigingi. Utaona vijiti vimepigiliwa kwenye shina kuanzia chini mpaka juu kabisa, vya kukwea kufuata asali, vya chini vimezeeka vimekuwa vyeusi na shina limevimeza nusu, vya juu bado vina rangi ya mti mbichi. Vya chini vilipigiliwa na babu wa huyo aliyepigilia vya juu. Ukikatwa kupisha shamba zinaondoka asali, ubuyu, kivuli cha kambi, na yule ndege anayewaongoza kwenye mizinga.